Risala ya kikundi cha ushauri wa jamii kwa mgeni wa heshima, Kisumu

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, Daktari na bingwa wa maadili ya utafiti wa tiba, Chifu, wazee wa mtaa, wanakikundi wenzangu: itifaki imezingatiwa.

Kikundi chetu kilianza na watu 12 chini ya mwembe. Leo tuko 31, tuna viti 40 vya plastiki na muhuri wetu wenyewe, na hakuna mtafiti anayeingia kata hii bila kupitia kwetu. Au karibu hakuna.

Hatupingi utafiti. Majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S yalifanyika Kombewa na Siaya, na mwaka 2019 chanjo hiyo ikaanza kutolewa Homa Bay. Tunajivunia.

Ombi letu ni moja: fomu ya ridhaa kwa Kiswahili na Dholuo.

Fomu ya utafiti wa jenetiki, yaani wa chembe za urithi, kuhusu selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, ina kurasa 11 za Kiingereza. Mama husomewa mbiombio, kisha hupakwa wino kidole gumba akabonyeza ukurasa wa 11. Ukurasa wa 9, unaosema damu ya mwanawe itahifadhiwa na huenda ikatumika katika utafiti mwingine, haujui kabisa. Mzee mmoja alisikia "jeni" akaelewa "jini". Akauliza kama wanatafuta majini katika damu ya mjukuu wake. Watu walicheka. Aliyekuwa akijaza fomu naye alicheka, kisha akamsogezea wino.

Habari za Wahavasupai, kabila la wenyeji wa asili wa Arizona, Marekani, unazijua kutushinda. Walitoa damu kwa ajili ya kisukari, ikachunguzwa skizofrenia, ugonjwa wa akili, na asili ya kabila lao, hadi mwaka 2010 chuo kikuu kilichochukua damu hiyo kikawalipa na kuwarudishia damu yao. Tungependa tusifike huko.

Ombi hili si jipya, Mheshimiwa. Mgeni aliyekalia kiti hicho miaka mitatu iliyopita alitukubalia papo hapo, tukampigia makofi ya kilo, akasema tafsiri ingefika kabla ya Krismasi. Kosa letu ni kwamba hatukumuuliza Krismasi ipi. Aliyemfuata aliomba nakala ya ombi, tulimpa mbili.

Walimu wetu wawili wastaafu wako tayari kutafsiri bila malipo. Kinachokosekana ni idhini ya kamati yenu ya maadili, na neno lako kwao kwamba asitolewe damu mtoto yeyote kabla fomu mpya haijapita.

Katika daftari la kumbukumbu nimeacha mstari mtupu, mahali pa tarehe. Samaki wetu ngege ameshaiva, Daktari. Atasubiri mstari huo ujazwe.

Ni sisi, wanakikundi.