Wazee wa kiume nao watafutiwe karakana

Ndugu Mhariri,

Msomaji mwenzangu aliandika humu kwamba upweke wa wazee wa kiume ni maradhi ya Wazungu, eti sisi tuna bao na vijiwe vya kahawa. Kabla sijastaafu ningemuunga mkono. Sasa nina nyumba yangu nje kidogo ya Morogoro, ukuta umeinuka, geti limefungwa, jirani namtambua kwa rangi ya gari lake. Na kijiweni kwenyewe, ukikaa miezi miwili huna hela ya kahawa, unaona haya kurudi.

Mwaka jana binti yangu aliniita Adelaide, Australia, nikakaa kwake miezi mitatu. Wiki ya pili alichoka kuniona nikizunguka sebuleni, akanipeleka mahali wanapopaita Men's Shed. Sisi tuseme karakana ya wanaume. Banda la mabati, mabenchi manne, jiliwa, randa, vumbi la mbao mpaka kwenye birika la chai. Hakuna aliyenihoji habari za maisha yangu. Mzee mmoja alinisogezea kiti kilicholegea mguu, akasema, "Shika hapo."

Wiki tatu nzima yule mzee alizungumza nami habari za gundi: ipi inakauka haraka, ipi inaachia ikipata unyevu. Wiki ya nne, yeye kashika ncha moja ya ubao na mimi ncha nyingine, macho yetu yote kwenye msumeno, akasema mkewe alifariki mwezi Machi na kila asubuhi bado anatoa vikombe viwili. Nikampa pole. Tukaendelea kukata. Tungeketishwa vitini tutazamane, nadhani ningeondoka Australia hajalitamka neno lile. Wenyewe wana msemo kwamba wanaume hawazungumzi ana kwa ana, huzungumza bega kwa bega.

Karakana ya kwanza ya namna hii ilifunguliwa mwaka 1993 Goolwa, mji mdogo kusini mwa Adelaide, na aliyeianzisha ni mwanamke, Maxine Chaseling. Hilo nawaambia wanaodhani ni mbinu ya waume kukimbia nyumbani. Jina la Men's Shed lilikuja Tongala, jimbo la Victoria, mwaka 1998. Leo Australia zimepita 1,000, na Ireland, nchi ambayo watu wake wanakaribiana kwa idadi na wa Dar es Salaam, ina zaidi ya 400.

Sisemi tuchukue kila kitu chao. Wana mashine za umeme, wana bima. Sisi tuna mafundi. Mzee aliyestaafu reli anachomelea vyuma kuliko kijana yeyote mtaani kwetu, na ujuzi huo anakaa nao sebuleni akitazama taarifa ya habari. Mahali napo papo: tuna vyuo vya maendeleo ya wananchi 54, ambavyo navyo tuliviiga Sweden miaka ya 1970, kwa hiyo kuiga hatukuanza leo. Vingi vina karakana za useremala na uchomeleaji. Jumamosi mchana, wanafunzi wakishafunga, watufungulie. Tutengeneze madawati ya shule za msingi za kata, tunywe chai, tubishane Simba na Yanga. Kijana anayetaka kujifunza kunoa patasi aje pia, hatutamfukuza.

Ila naomba asitokee mtu akaigeuza mradi, wenye semina ya uzinduzi, fulana na posho za vikao. Siku posho itakapoingia, tutajaziwa na wasio na upweke wowote, na yule anayetoa vikombe viwili atabaki kwake.

Mimi nina randa mbili, msumeno wa mkono na boksi la misumari iliyobaki nilipopaua. Nitakuja navyo. Jumamosi yoyote, kuanzia saa nane mchana.

Fundi seremala mstaafu,
Morogoro