Zuhura, nisemee kwa Mwanakombo

Leicester

Shoga yangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Najua nimekaa kimya mpaka umenisema kwa Maimuna. Salamu za watu wote zichukulie zimefika, maana nina jambo la haraka: zungumza na Mwanakombo kabla hajanikatia udugu.

Mpwa wangu Faraji ametoka jela, alhamdulillah. Wamemtoa kabla ya muda wake kwa sharti la kukaa kwangu na tegi mguuni, kidude cha kumchunga. Saa moja jioni mpaka saa moja asubuhi haruhusiwi kuvuka mlango. Sasa mamake, huyo Mwanakombo, ananipigia kila uchao: harusi ya Rukia iko London, usiku, basi "waambie hao wazungu wamlegezee japo siku moja." Niwaambie mimi kama nani? Masaa yale yamo kwenye hati yake ya kuachiliwa. Kuyabadilisha ni kuomba mapema na kungoja ruhusa, na akiyavunja anaweza kurudishwa ndani. Mwanakombo anadhani ni kama kumuombea mtoto ruhusa shuleni. Wewe umesimama mbele ya mahakimu miaka yote ile kama afisa wa probesheni, akisikia kwako ataamini.

Fundi alikuja siku ile ile, usiku. Akamfunga kidude cha plastiki juu ya kifundo cha mguu, akachomeka kisanduku sebuleni, kisha akamtembeza chumba hadi chumba, jikoni, msalani, ili kisanduku kijue nyumba inaishia wapi. Ua wa nyuma haumo, kwa hiyo hata taka za usiku natupa mimi. Anaoga nacho, anaswali nacho. Juzi umeme ulikatika, simu ikaja, nikajikuta namuapia mtu nisiyemjua kwamba mpwa wangu amelala. Nilipomsimulia Mwanakombo, akauliza kama furungu hilo la serikali haliwezi kuvuliwa kwa sabuni!

Na hiki cha Faraji ni cha kawaida, kinajua yuko ndani au hayuko, basi. Viko vya setilaiti vinavyomfuata mtu kutwa, na tangu 2020 kule Wales, 2021 hapa England, viko vya kupima pombe kwenye jasho.

Lakini kinachoniuma si kidude. Wale wale waliomponza wanakuja kumpigia honi saa nane mchana, na saa nane mchana tegi haina habari. Kwenye kompyuta kijana ni safi kabisa! Afisa wake wa probesheni ni binti mpole, ila kazi imemzidi; anamuona dakika chache, anatazama masaa yametimia, anampa siku nyingine. Nakukumbuka ulivyokuwa ukishuka matatu Kinango na kukata njia kwa miguu, uongee na chifu, na mzee wa kijiji, na yule aliyeibiwa mbuzi, ndipo umwandikie hakimu. Serikali ya hapa ilipojaribu tegi mara ya kwanza, 1989, Nottingham, North Tyneside na London, chama cha maafisa wa probesheni wenzako, Napo, kilipinga. Wako wanaosema walikuwa wakilinda vibarua vyao. Mimi nawaelewa.

Sisemi arudi jela, Mungu apishe mbali. Mchana anapakia mizigo ghalani, jioni anakula wali wangu, na juzi nilimsikia akicheka. Ila uaskari jela nimepewa mimi, bila mshahara wala sare. Saa kumi na mbili unusu ikifika na hajarudi, mimi ndiye presha inapanda, si serikali.

Basi mwambie mamake asimpigie tena kumlilia harusi. Kijana mwenyewe ameanza kusema "kwani usiku mmoja tu, khalati, watanifanya nini?" Hapo ndipo nilipoogopa.

Na unijibu haya: kijana wako wa kifungo cha nje alipokuwa hataki kuachana na genge, ulianzia wapi, kwake au kwa genge? Nimfuate yule binti wa probesheni mwenyewe nimwambie habari ya honi, au nitakuwa nimemchoma mpwa wangu? Huko kwenu wameshaanza kutamani hizi tegi? Goti lako je? Na ile hati ya kiwanja cha Likoni, umemuona wakili, au bado anakukimbia?

Wako,
Mwanaidi