Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Kila Kifurushi Kiwe na Watu Wawili

Ndugu wanachama,

Asanteni kwa kufika hapa Mbeya. Najua wa Tukuyu na Kyela mmepandisha huku mvua ikinyesha tangu alfajiri, na wenzetu wa Iringa wamelala Makambako ili wawahi kikao. Kamati imenituma niwasomee kazi ya mwaka 2025. Mapato na matumizi atayasoma mhazini baada yangu.

Kwa waliojiunga karibuni, nianze na kazi yenyewe. Tunatunza vifurushi vya programu vya Debian, mfumo huru wa kuendeshea kompyuta unaotumia Linux. Mtu fulani mahali fulani ameandika programu, nasi tunachukua msimbo wake, tunauandikia maelekezo ya namna ya kuujenga, tunataja vifurushi vingine unavyovitegemea, tunahakiki leseni zake, kisha tunakaa nao. Huko kukaa nao ndiko kazi. Kukifunga kifurushi mara ya kwanza ni shughuli ya wiki moja au mbili; kukilea ni miaka. Debian ilianzishwa na Ian Murdock Agosti 1993, na mpaka leo haina tajiri anayeimiliki, bali inaendeshwa na watu waliokubaliana kugawana mzigo. Toleo la 13, linaloitwa trixie, lilitoka tarehe 9 Agosti 2025 likiwa na vifurushi 69,830. Vyetu humo ni vitatu: cha kupima mvua, cha fonti, na cha kubadilisha majina ya picha.

Nitaongea zaidi kuhusu kimoja, kile cha kupima mvua, kwa sababu mwaka wetu wote umo humo.

Mwanachama mwenzetu, mwalimu wa sekondari upande wa Uyole, anatumia programu ndogo inayosoma kipimamvua kupitia waya wa USB na kuandika vipimo kwenye faili. Wanafunzi wake wanaandika mvua kila asubuhi. Februari alikuja na kompyuta aliyoiwekea tawi la majaribio la Debian, yaani lile linaloandaliwa kuwa toleo linalofuata, akasema ameitafuta programu yake kwa apt, chombo cha Debian cha kusakinishia programu, na haipo. Tulipochimba tukakuta mambo mawili. Kwanza, kifurushi kilikuwa yatima; mtunzaji wake wa zamani alikuwa ameandika kwa uungwana kwamba hana tena nafasi. Pili, kilikuwa kimeondolewa kwenye tawi la majaribio kwa sababu ya hitilafu ya daraja la "serious", yaani nzito ya kuzuia kifurushi kisitoke, ambayo hakuna aliyeigusa.

Hitilafu yenyewe inafaa kuelezwa, maana wengi wenu mtakutana nayo. Kompaila ya GCC 14, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa kitu ambacho kompyuta inaweza kukiendesha, ilitoka Mei 2024, na Debian ikaifanya ndiyo ya kawaida. Zamani ukiita fanksheni katika lugha ya C bila kuitangaza kwanza, kompaila ilikuonya tu ikaendelea na kazi. GCC 14 haikuonyi, inakataa. Programu yetu ilikuwa inaita strdup, fanksheni ya kunakili maandishi, bila kuwa na mstari wa kuingiza string.h, faili linaloitangaza. Kumbe kukataa huko kuna maana kubwa. Fanksheni isiyotangazwa ilikuwa inachukuliwa kuwa inarudisha namba nzima ya biti 32, wakati anwani ya kumbukumbu kwenye mashine za leo ina biti 64. Nusu ya anwani inaweza kukatwa, na programu ikaenda kusoma mahali pasipo pake. Miaka yote hiyo ilikuwa inaponea chupuchupu. Dawa yake ni mstari mmoja. Kijana wetu mmoja aliupata ndani ya dakika ishirini, na ukumbi mzima ukashangilia.

Lakini mstari mmoja si kifurushi. Debian ilikuwa imepanga kuanza kujigandisha, yaani kuzuia mabadiliko hatua kwa hatua kabla ya toleo jipya, na kuanzia tarehe 15 Aprili kifurushi ambacho hakimo kwenye tawi la majaribio kisingeruhusiwa kuingia tena. Tukakosa hapo, mwalimu asubiri toleo linalofuata, yaani kama miaka miwili. Tukabadilisha kichwa cha ripoti ya kifurushi hicho kutoka O, maana yake yatima, kikawa ITA, maana yake tunakusudia kukilea. Tukaandaa, tukajaribu, tukatuma kwa mdhamini, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu mwenye ruhusa ya kupakia mwenyewe kwenye hifadhi kuu.

Mdhamini alikirudisha. Msimbo hakuwa na shida nao. Alikirudisha kwa sababu ya faili la debian/copyright, linaloorodhesha wenye haki na leseni zao. Ndani ya programu kulikuwa na mafaili mawili yaliyoandikwa na mtu mwingine, chini ya leseni nyingine, na sisi tulikuwa tumetaja leseni moja tu. Baadhi yenu mlinung'unika jioni ile kwamba ni urasimu. Mimi naona mdhamini alitutendea haki. Mwalimu wa kijijini anaposakinisha programu, hana mwanasheria wa kumsomea. Ametuamini sisi tumesoma. Tukakaa jioni mbili, watu wanne, tukifungua kila faili na kusoma vichwa vyake, umeme ukikatika tunaendelea kwa betri za laptop hadi zinakwisha. Kifurushi kikapakiwa, kikakaa siku tano katika tawi lisilo imara, ambako vifurushi vipya huanzia, bila hitilafu mpya, kikavuka kwenda tawi la majaribio siku chache kabla ya geti kufungwa. Agosti kikatoka pamoja na trixie. Mwalimu amekisakinisha kwa apt kama programu nyingine yoyote. Kile kiraka, yaani yale marekebisho ya msimbo, tulimtumia pia mwandishi wa asili, naye alikipokea baada ya miezi kadhaa.

Ningependa kuishia hapo, ila taarifa ya mwaka ni ya mwaka mzima.

Mei hadi Julai, yule kijana aliyeibeba kazi ile alikuwa Mbarali kwenye mavuno ya mpunga ya familia yake. Kipindi hicho hicho mtumiaji wa Ujerumani alituma ripoti. Kwenye mashine yake mvua ya milimita 12.4 ilikuwa inaandikwa 12. Kijerumani hutenganisha desimali kwa mkato, na programu ilikuwa inasoma namba kwa kufuata lugha ya mashine. Ikifika kwenye nukta inasimama. Kwa anayejumlisha mvua ya msimu hilo si jambo dogo, kwa sababu kila siku inadondosha kiasi chake na jumla ya mwisho inakuwa ya uongo. Ripoti ile ilikaa wiki saba bila hata "tumeipokea". Kijana aliporudi aliisoma usiku huo huo, akaandika kiraka kesho yake, kisha akaja kuniomba radhi.

Nasema mbele ya mkutano huu kwamba hakuwa na la kuniomba radhi. Ana haki ya kwenda kuvuna. Kosa ni la kamati, na mimi nikiwa mbele, kwa kuacha kifurushi kizima kikae kichwani mwa mtu mmoja. Anwani ya barua ya mtunzaji ilikuwa yake peke yake. Mimi mwenyewe sikuwa najua kama kuna ripoti.

Jambo hili haliko kwetu tu. Machi 2024 dunia nzima ya Linux ilishtuka kwa sababu ya xz, programu ya kubana mafaili iliyo karibu kila mahali. Kwa miaka ilikuwa imebebwa na mtunzaji mmoja aliyechoka. Akajitokeza mtu aliyejiita Jia Tan, akasaidia kwa upole na uvumilivu mpaka akaaminiwa, kisha akapenyeza mlango wa siri katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Aliyegundua ni Andres Freund, mhandisi wa hifadhidata ya PostgreSQL, na aligundua kwa sababu kuingia kwa ssh, njia ya kuingia kompyuta kwa mbali, kwenye mashine yake ya Debian isiyo imara kulichelewa kama nusu sekunde. Nusu sekunde! Debian toleo imara lilikuwa halijaguswa, ila matawi ya mbele yalikuwa tayari nayo. Naisoma habari ile mara kwa mara, na kinachoniuma kila mara ni uchovu wa yule mzee wa kazi aliyekuwa hana wa kupokezana naye. Adui aliupitia uchovu huo huo.

Kwa hiyo kamati inaleta mapendekezo, nami nayaunga mkono kwa moyo wote. Kila kifurushi kiwe na watunzaji wawili, na barua za hitilafu ziwafikie wote wawili. Ripoti yoyote ijibiwe ndani ya siku saba, hata kama jibu ni kwamba tumeiona na tutaishughulikia baada ya mavuno. Tusiasili kifurushi kipya mpaka hivi tulivyo navyo vipate mtu wa pili. Na kile cha tatu, cha kubadilisha majina ya picha, ambacho hakuna hata mmoja wetu anayekitumia, tukitangaze yatima rasmi ili mwenye kukihitaji akichukue.

Najua hili la mwisho lina wapinzani humu. Mmoja wenu aliniambia tukiwa Mwanjelwa kwamba jina la Mbeya litapungua kwenye orodha. Namheshimu, na atapewa nafasi ya kusema. Mimi naona jina linaloandikwa juu ya kitu kisichotazamwa na mtu linamdanganya mtumiaji. Yule mtunzaji wa kwanza wa kifurushi cha mvua angenyamaza na kubaki na jina lake pale, sisi tusingejua kwamba kinahitaji walezi.

Kuhusu kompyuta za mashule. Trixie haina tena kisakinishi wala kerneli, yaani kiini cha mfumo, kwa PC za zamani za biti 32. Mitumba mingi iliyogawiwa huku kwetu ni ya aina hiyo. Zibaki kwenye Debian 12, ambayo kipindi chake cha LTS, yaani msaada wa muda mrefu, kinakwenda hadi Juni 2028, na walimu waambiwe mapema. Sipendi kusikia mtu amesafiri na flashi ya trixie hadi Chunya ndipo akagundua.

Seva yetu ndogo ya kuhifadhi nakala za vifurushi imeokoa bando nyingi: kifurushi kinashuka kutoka intaneti mara moja, wengine wote wanakichukua ukumbini. Betri yake imechoka na mhazini ana ankara.

Wengi bado mnaogopa kuandika ripoti za hitilafu kwa sababu ya Kiingereza. Nimesoma ripoti nyingi mwaka huu, na zilizosaidia hazikuwa zenye Kiingereza kizuri. Zilikuwa zile zilizotaja toleo la kifurushi, amri iliyoandikwa, kilichotarajiwa na kilichotokea. Mjerumani wa mvua aliandika mistari mitano tu na faili moja la mfano. Ripoti inayosema "haifanyi kazi" haina pa kushikwa hata ikiandikwa kwa Kiingereza fasaha. Jumamosi za mwanzo wa mwezi tutaandika ripoti pamoja: kwanza kwa Kiswahili ubaoni, ndipo tuzigeuze.

Na saini za funguo, yaani funguo za kidijitali za kumtambulisha mtu. Anayetaka siku moja kupakia mwenyewe, kwa kawaida ufunguo wake hutiwa saini na wana-Debian waliomwona ana kwa ana na kitambulisho chake. Huku nyanda za juu hilo ni gumu. DebConf, mkutano wa kila mwaka wa wana-Debian, ilifika Afrika mara moja, Cape Town mwaka 2016. Kamati itaomba mwenye safari ya Dar es Salaam au Nairobi atuambie kabla, tumtafutie wa kuonana naye.

Kifurushi cha mvua tayari kimepata mtu wa pili. Ni yule mwalimu. Alikuwa hajui C. Amekuwa akija kila Alhamisi baada ya vipindi, akishuka daladala pale Soweto ya hapa Mbeya na daftari lake, na toleo la Desemba amelijenga yeye, kijana akiwa pembeni anamtazama. Kifurushi cha fonti bado kina mtu mmoja. Karatasi ya majina iko mezani kwa katibu.

Naomba kuwasilisha.