Barua kwa shoga yangu wa chuoni: ifute ile picha

Shoga yangu, assalam aleykum. Naandika hapa manake kule WhatsApp ujumbe wangu unakaa na tiki moja tu tangu Ramadhani iliyopita na nshajua maana yake, umenibloki. Jina lako sitaliweka, la marehemu mwenzetu, mwenye ile picha, pia sitaliweka. Mwenyewe unajijua, na tuliosoma pamoja watajua, na wengine wakisoma wasome tu.

Nimeletewa kadi ya mkutano wa darasa letu la chuo. Si wewe uliyenitumia, kanitumia yule mwenzetu wa Mambrui, akaniuliza vipi mwalimu, mbona jina lako halimo kwenye listi na wewe ndiye ulikuwa ukishika daftari la darasa? Sikumjibu. Nasikia inasemwa kuwa nina kiburi, ati tangu nipate udeputi, unaibu wa mwalimu mkuu, siwajui watu. Hilo ndilo limenifanya nikae chini leo usiku niandike, manake kiburi mimi hunijui nacho na unajua hunijui nacho.

Wewe ni mtu uliyenijua wakati sina kitu. Tulipotoka chuo cha ualimu cha Shanzu mwaka 1999 na P1 zetu, vyeti vya ualimu wa msingi, mkononi, serikali ilikuwa imeshasimamisha kuajiri walimu tangu 1998, wale waliotutangulia walimaliza wakapewa shule, sisi tukapewa vyeti na nauli ya kurudi kwetu ukajitafutie. Marehemu akarudi Lamu akawa anafundisha watoto wa jirani tyusheni hapo Langoni, mimi hapa Malindi nikawa nakaanga bajia na mamangu, wewe ukaenda Nairobi kwa mjombako. Simu nani alikuwa nayo? Barua tulikuwa tukimpa utingo wa basi la Lamu, unaandika jina na mtaa, unampa na ishirini ya soda, na barua inavuka maji inafika. Na zile kadi za salamu za redioni, KBC, wewe ulikuwa ukitutumia salamu sisi wawili kila mara na ujumbe wako ulikuwa ni ule ule, subirini. Marehemu alikuwa akiniandikia, "leo tumetajwa", basi. Amefurahi siku nzima kwa kutajwa.

Hayo sijayasahau. Na sijasahau 2014, Mpeketoni iliposhambuliwa na Lamu yote ikawekewa kafyu, watu wamejifungia ndani kabla magharibi, wewe ndiye uliyekuwa ukimpigia simu kila jioni ukizungumza naye mpaka alale, na mimi niliye karibu kuliko wewe sikuweza kwenda wala yeye hakuweza kutoka. Alikuwa akisema huyu Mungu ametupa dada. Kwa hivyo usidhani naandika kwa sababu nakuchukia.

Grupu la darasa la WhatsApp pia ni wewe uliyelianzisha na kazi uliifanya, wallahi. Watu waliotawanyika Garissa, Taita, Kwale, wengine wako Oman wanafanya kazi za nyumba na vyeti vya ualimu wameviweka sandukuni, uliwatafuta mmoja mmoja mpaka ukawapata. Mtu akioza mtoto, tunachanga. Akifiwa, tunachanga. Yule aliyehamishwa mbali wakati ule wa dilokalizesheni, walimu walipopelekwa mbali na kwao, akakaa mwaka mzima kwenye baridi hajui mtu, grupu ndilo lilikuwa likimpa moyo. Sibishi.

Lakini nataka tuizungumze ile siku ya nyumbani kwangu.

Ulikuja toka Nairobi, ulishuka na mfuko wa matufaha na peasi, na ulipomwona ulilia, niliona, ulijifanya unatafuta kitu mkobani. Marehemu alikuwa ametoka Mombasa jana yake kwa kemo, dawa ya saratani, kawaida yake akirudi hulala kwangu kwanza apate nguvu ya kupanda basi la Lamu, manake safari ile na dawa ile mwilini huwezi kuiunganisha. Kaskazi limekaza, stima imepotea tangu asubuhi, feni hazizunguki, tukamlaza pale kwenye mkeka karibu na mlango wa uani. Tuko wanawake watupu. Wewe, mimi, na binti yake. Akasema, jamani joto, akaushusha mtandio.

Hakuwa na nywele hata moja. Wewe unazijua nywele zake, ulizisuka mwenyewe bwenini kila Jumapili, ulikuwa ukilalamika vidole vinauma kabla hujafika kisogoni. Sasa kichwa kile kimebaki ngozi tupu na yeye kakiweka wazi mbele yetu kwa sababu ni sisi. Na wewe umeshika simu, nikadhani unasoma meseji.

Baada ya isha simu yake ikalia, ni yule mwenzetu anayefundisha Garsen, mtu mwema, kapiga kumpa pole. Binti yake kaweka lauspika kwa sababu mkono wa marehemu ulikuwa umevimba. Akasema, dada nimeiona picha yako kwenye grupu, pole sana, usijali nywele zitarudi. Marehemu akanitazama mimi. Akaniuliza, "Picha gani?" Wewe ulikuwa umeshaondoka, una kikao Mombasa asubuhi. Mimi ndiye niliyebaki nimjibu.

Basi akanyoosha mkono akautafuta mtandio gizani, akaufunga, akaupiga na pini chini ya kidevu. Na tangu siku ile mpaka anakufa sikukiona kichwa chake tena. Akilala amejifunga, jasho linamtiririka amejifunga, nikimwambia shoga tuko wawili tu humu ananiambia niache nilivyo.

Nilipokupigia ulisema maneno ambayo bado nayasikia. "Si pesa zimepatikana?" Ndiyo, zilipatikana, laki mbili na kitu kwa siku tatu, na zilimsaidia, nauli na dawa na skani iliyokuwa imemkwama. Ukasema watu siku hizi hawatoi bila kuona. Mimi nakwambia wangetoa. Darasa letu lile lingetoa. Ungeandika mwenzetu anaumwa, yuko hivi na hivi, namba ya mumewe hii, wangetoa, hata kama ingekuwa laki moja badala ya mbili, na yeye mwenyewe angeichukua hiyo moja. Hukumuuliza. Ungemuuliza tu, alikuwa yuko macho, alikuwa hatua mbili toka ulipokaa!

Wanaosoma hii na wana magrupu yao ya skuli na vyuo, mkiwa na mgonjwa muulizeni kwanza, na akisema hapana basi ni hapana. Na nendeni. Kutuma mia tano ni vizuri lakini nendeni mkakae naye, mpikieni uji, mumfulie. Mimi kwenye grupu sikuwa mwandishi, ni kweli, siku za bathidei sikuwa nikituma maua na hayo yote nasikia yanahesabiwa sasa, ati nilikuwa nasoma kimya kimya. Lakini kitanda cha mwanangu ndicho alicholalia kila aliporudi kutoka Mombasa. Beseni la kutapikia nilikuwa nikilishika mimi halafu asubuhi naenda gwaride na skimu zangu za kazi, na hakuna mtu aliyejua manake sikupiga picha. Nilikuwa nikiendelea na urafiki huu kwa njia ninayoiweza. Kama hiyo haihesabiki kwenye grupu basi grupu lina hesabu zake.

Alipofariki ni usiku, na unajua kwetu maiti haingojei. Nikapanda basi la kwanza hapa Malindi, wakati ule mabasi yalikuwa bado yakifika Gamba yanangoja askari wa kusindikiza, tukakaa pale jua likapanda na mimi najua huko wanamwosha. Nilipofika Mokowe adhuhuri ishaswaliwa. Nimo kwenye boti katikati ya maji, simu ikashika netiwaki, meseji zikaanza kuingia moja juu ya nyingine, na ya kwanza kuifungua ni bango lako la rambirambi. Mishumaa, maua, namba ya kuchangia, na katikati ni picha ile ile. Kichwa kitupu. Uliikata tu mkeka usionekane.

Nilitoka kwenye grupu hapo hapo botini. Ndiyo hiyo sababu, kwa yeyote anayeuliza. Kama ningetaka kuwatukana ningewatukana. Nilitoka, nikazima simu, nikaenda kukaa matanga siku zangu tatu na mamake, na kila mwanamke aliyeingia mle ndani alikuwa ameshaiona.

Sasa shoga yangu nisikilize. Kwenye kadi ya mkutano wenu mmeandika kutakuwa na wakati wa kuwakumbuka waliotangulia, na picha zao zitaonyeshwa ukutani. Najua ni ipi unayo. Ifute. Ifute kwenye simu, na kwenye grupu, na kwa yule anayetengeneza hayo mabango. Ninayo ile ya siku ya mwisho ya TP, mazoezi ya kufundisha, tuko watatu na sare zetu na kibuibui chake kipya, mkono wako uko begani kwake, nitampa yule wa Mambrui akuletee.

Na kuna jambo jingine, na hili hakuna wa kulifanya isipokuwa wewe. Binti yake amepata C plein na anataka ualimu kama mamake. P1 imeondolewa, siku hizi ni diploma ya miaka mitatu, na babake anavua, unajua wakati wa kusi hali inavyokuwa. Anangoja barua ya chuo. Ikija nitakutumia akaunti ya chuo chenyewe. Wachangishe, hakuna anayekushinda kwa kuchangisha, ila jina la mtoto usiliandike na picha yake usiitafute. Sema tu ni mtoto wa mwenzetu.