Kwa Nini Hatupimi Kutitia kwa Ardhi kwa Picha Mbili

Mwezi uliopita mteja mwenye ghala karibu na ufukwe wa ziwa hapa Mwanza alitoka ofisini kwetu amenuna, akiamini kwamba tulitaka kumlia fedha zake. Kijana wake alikuwa amemwambia, na hakumdanganya, kwamba picha za rada za satelaiti ya Sentinel-1 hupakuliwa bure mtandaoni, hivyo alipoyaona makadirio yetu ya bei ya kupima kama ghala lake linatitia aliuliza tunamtoza nini hasa. Si wa kwanza kuuliza, na kwa kuwa maelezo ya kaunta huwa ya haraka, tumeona heri tuyaandike.

Picha hizo ni bure kweli, tangu satelaiti ya kwanza ya aina hiyo ilipoanza kazi mwaka 2014. Rada yake hutuma wimbi lenye urefu wa takriban sentimita 5.6, ambalo hugonga bati, zege au mwamba na kurudi. Satelaiti ikipita tena kwenye njia ileile baada ya siku 12, tunalinganisha awamu ya wimbi la leo, yaani hatua lililofikia katika kupanda na kushuka kwake, na ya lile la awali. Na kwa kuwa wimbi husafiri kwenda na kurudi, kila pete ya rangi kwenye ramani inayotokana na ulinganisho huo ni badiliko la sentimita 2.8 tu katika umbali kati ya ardhi na satelaiti. Kwa njia hiyohiyo ya rada, mwaka 2007 wanasayansi waliona jinsi ardhi ilivyopasuka na kutanuka karibu na mlima Gelai, kaskazini mwa Tanzania, magma ilipojipenyeza chini kwa chini. Pale ardhi ilisogea kwa kiasi kikubwa hata picha mbili zikatosha. Ghala linalotitia milimita chache kwa mwaka ni habari nyingine kabisa.

Njia ya mkato ambayo wateja wengi hutuomba ni hiyo ya picha mbili, moja ya kabla ya ufa na moja ya baada yake. Miaka ya mwanzo, tunakiri, tuliwahi kuikubali. Kilichotukomesha ni mteja mmoja wa upande wa Kirumba aliyetuletea ramani aliyotengenezewa kwingine, ikionyesha kwamba uwanja wake umeshuka karibu sentimita 3. Alikuwa amekwisha kubomoa ukuta wa nyuma, kuchimba msingi upya na kumwaga zege. Tulipofungua picha zote za mwaka ule hatukuona mshuko wowote, ila tuligundua kwamba picha ya pili ilipigwa alfajiri ambayo wingu zito lilikuwa limetanda kutoka ziwani. Rada hupenya mawingu, na ndiyo maana watu hudhani hali ya hewa haiihusu. Lakini mvuke wa maji hulichelewesha wimbi, na wimbi lililochelewa husomeka kama ardhi iliyozama. Satelaiti hizi hupita nyakati za alfajiri na jioni, na mkazi yeyote wa Mwanza anajua radi za ziwa hupenda saa zipi.

Dawa yake ni kupanga picha nyingi, nasi hatuanzi kazi na picha chini ya 30, ambazo ni za takriban mwaka mzima. Mvuke hubadilika kila mara, ilhali ardhi inayotitia huendelea kutitia, kwa hiyo katika mfululizo mrefu kelele ya hewa hupungua na mwenendo wa ardhi hujitokeza. Mwaka mzima una faida nyingine kwa wenye viwanja vya udongo wa mbuga, kama mteja wetu mmoja wa Misungwi mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Kiangazi udongo wake hupasuka hadi mkono unaingia, na masika huvimba na kuinua sakafu. Ukilinganisha Septemba na Aprili pekee utadhani kuna kitu kinasukuma kutoka chini.

Sehemu kubwa ya bei, hata hivyo, ni kazi ya uwanjani. Rada hutazama ardhi kwa mshazari, na msogeo wa kaskazini hadi kusini karibu haiuoni kabisa. Tena kila kipimo hulinganishwa na nukta moja ya rejea inayodhaniwa kuwa imetulia. Tuliwahi kuonyeshwa ramani ambayo Capri Point yote, mawe yake na nyumba zake, ilikuwa ikipanda juu. Kumbe aliyeitengeneza aliiweka rejea kwenye kifusi cha ufukweni kilichokuwa kikishuka. Sisi huiweka kwenye mwamba, ambao Mwanza haujawahi kuwa adimu, kisha tunapigilia misumari ya alama kwenye msingi wa jengo na kupiga levo, yaani kupima tofauti ya kimo, kutoka benchimaki (nukta ambayo kimo chake kinajulikana) hadi hapo na kurudi. Hesabu za kwenda na kurudi zisipokubaliana, tunarudia siku hiyohiyo, hata kama fundi wa kushika rula amekwisha kufunga mzigo.

Kazi ya nyumba moja ya mlimani, kule Mabatini kwa mfano, hatuipokei kwa rada. Kila nukta ya picha hizi ni takriban mita 5 kwa 20, hivyo chumba chako, jiwe lililo juu yake na choo cha jirani huweza kuwa kitu kimoja, na kwenye miteremko mikali picha hujikunja. Mwenye nyumba kama hiyo tunamwambia abandike kipande chembamba cha kioo juu ya ufa kwa saruji, aandike tarehe pembeni, na atuite kikivunjika. Ushauri huo hatuutozi.

Mteja wa ghala alirudi wiki iliyopita. Hajakubali bei yote, ila ameturuhusu kupigilia misumari mitatu na kuchukua levo ya kwanza, na tumekubaliana kurudi kuisoma mvua za vuli zikikatika.