Barua ya malalamiko: spirometa inayozidisha pumzi

Zahanati ya binafsi,
Langoni, Lamu.

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

KUH: SPIROMETA MLIYOTUUZIA

Naandika kwa niaba ya zahanati yetu kuhusu mashine ya kupimia pumzi iliyotufikia kwa boti kutoka Mokowe, na kuhusu jibu mlilotupa tulipoilalamikia. Mashine ni mbovu, na jibu lenyewe ni bovu zaidi. Fundi wenu aliniambia kwa simu kuwa tatizo ni wagonjwa wetu, ati hawajui kupuliza.

Haya, tuanze na huko kupuliza. Mtu akivuta pumzi, kiwambo kilicho chini ya mapafu hushuka, mbavu hutanuka, shinikizo ndani ya kifua hupungua na hewa huingia. Kwenye kipimo tunamtaka ajaze kifua pomoni, kisha aitoe yote kwa kishindo, aendelee mpaka isibaki ya kutoka. Pua tunaibana kwa kibanio ili asiibe pumzi ya pili njiani. Asipojaza sawasawa, au hewa ikivuja pembeni mwa midomo, au kikohozi kikimkatiza, nambari hushuka. Hushuka, Meneja. Hakuna binadamu anayetoa hewa nyingi kuliko iliyomo kifuani mwake. Sisi tangu siku ya kwanza tunalalamika kwamba nambari zimepanda.

Aliyetufumbua macho ni muuguzi wetu. Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya mgonjwa yeyote, hupuliza yeye, kwa kuwa mapafu yake ni mazima na sigara haijui, ili tuone mashine imeamkaje. Mashine ya zamani ilikuwa ikimpa lita 3.1, mwezi nenda mwezi rudi. Yenu ikampa 3.4. Mtu mzima haoti mapafu mapya. Tukaazima kwa wenzetu bomba la kukagulia la lita 3, linalosukuma hewa ya kiasi kinachojulikana kuingia kwenye mashine, tukasukuma polepole, kisha wastani, kisha kwa kasi. Kinachokubalika ni asilimia 3 juu au chini, yaani kati ya 2.91 na 3.09. Mashine yenu ilisoma 3.24 na kuendelea, kwa kasi zote. Bomba kama hilo limo kwenye ankara yenu na tulililipia, ila kwenye sanduku halikuwemo.

Kuna na hili la joto, ambalo fundi wenu alisema halina neno. Hewa hutoka kifuani ikiwa na nyuzi 37 na imejaa mvuke. Ikifika kwenye mashine hupoa na kusinyaa, ndiyo maana mashine huongeza hesabu ili kufidia. Chumba kikiwa na nyuzi 20, nyongeza hiyo ni kama asilimia 10. Kikiwa na nyuzi 30, ni asilimia 4 na nusu hivi. Yenu imefungwa kwenye 20 na haibadiliki bila neno la siri mnalolijua nyinyi. Nyuzi 20, Lamu! Kaskazi ikivuma hata alfajiri hatuzioni.

Nakubali, uwiano wa hewa ya sekunde ya kwanza kwa hewa yote hauharibiki, maana pande zote mbili zimezidishwa sawa, kwa hiyo mwenye pumu bado tunaweza kumtambua. Anayeumia ni yule ambaye mapafu yake yanapungua ujazo kidogo kidogo. Tunaye mchonga milango, amekula vumbi la mbao tangu ujana, na ngazi zetu fupi anazipanda akishika ukuta. Mashine yenu inampa asilimia 88 ya kinachotarajiwa kwa umri na kimo chake. Ondoeni ziada ya kwanza, ile iliyoonekana kwa bomba, ondoeni na ya joto, anaangukia chini ya 80. Kwa karatasi ya kwanza ningemwambia arudi karakana. Kwa hesabu ya pili anakwenda kwa daktari wa kifua, na huko ndiko nilikompeleka.

Tunataka kihisio kipya, yaani sehemu ya mashine inayopima pumzi, chenye cheti cha ukaguzi, bomba la lita 3 tulilolipia, na neno la siri la kurekebisha joto. Kama hamwezi, chukueni mashine yenu kwa gharama zenu na mturudishie pesa zetu zote. Tunawapa siku 14. Zikipita, taarifa yenye nakala za vipimo itakwenda kwa Bodi ya Famasia na Sumu, na zahanati nyingine za kaunti hii tutaziarifu pia.

Mkiamua kumtuma fundi, aje na bomba lake la kukagulia. Tuliloazima limesharudi kwa wenyewe, na bila bomba hatutamruhusu aiguse.

Wenu,

Kliniki Ofisa Msimamizi