Faili la mtoto lisihamehame

Ndugu Mhariri,

Mtoto akidhurika ilhali ustawi wa jamii wana faili lake, haraka sana huagizwa fomu mpya. Fomu hazijapungua. Kinachopwaya ni namna afisa anavyofanya kazi na familia.

Tazama mpango wa kawaida wa kumrudisha nyumbani mtoto aliyeondolewa kwa usalama wake: "Mama ahudhurie vikao 10 vya malezi." Anahudhuria, anapewa cheti, mtoto anarudishwa, kisha anaondolewa tena. Vikao havikugusa kilichomwondoa: mama yuko kazini usiku, na mtoto wa miaka 4 analala peke yake. Mpango wa maana ungeitaja hatari hiyo waziwazi, ukasema nani atalala na mtoto usiku upi, huyo akikosa apigiwe nani, na afisa atapita lini kuhakikisha. Kupita saa nne asubuhi kukagua tatizo la usiku ni kujaza daftari tu.

Na ndugu washirikishwe. New Zealand iliweka jambo hili kwenye sheria mwaka 1989: ukoo hukutanishwa, huelezwa shida ilivyo, kisha maafisa hutoka nje ili wenyewe wajadiliane. Wanaoiga mbinu hii hupenda kuruka hapo pa kutoka nje, na ndugu wakaishia kusomewa uamuzi uliokwisha kufanywa.

Hata hivyo, mbinu yoyote hulegea faili linapohama kutoka kwa afisa mmoja kwenda kwa mwingine. Ripoti ya mwaka 2005 kuhusu Milwaukee, Marekani, ilionyesha kuwa asilimia 74.5 ya watoto waliobaki na afisa mmoja walipata makazi ya kudumu. Kwa waliopitia maafisa wawili ilikuwa asilimia 17.5. Kweli, mtoto anayekaa muda mrefu kwenye malezi ya kambo ndiye hubadilishiwa maafisa zaidi, kwa hiyo tusiitwishe takwimu hiyo kila kitu. Lakini pengo lenyewe si dogo.

Mzigo nao una sehemu yake. Programu ya Homebuilders, ya kusaidia familia ili mtoto asiondolewe nyumbani, iliyoanzia jimbo la Washington, Marekani, mwaka 1974, humpa mhudumu familia 2 hivi kwa wakati mmoja, kwa wiki 4 hadi 6. Mwenye mafaili 60 atazima moto tu.

Tunaomba idara zitangaze, sambamba na bajeti, watoto wamepitia maafisa wangapi tangu mafaili yao yafunguliwe. Afisa anayehamishwa aende nyumbani kwa familia pamoja na anayempokea kabla ya kukabidhi faili, na mtoto aambiwe mapema ni nani anayekuja.

Wahudumu wa ustawi wa watoto